Mathenge Chunguni

Tangu mti wa mathenge uletwe Baringo mapema katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, wafugaji hawajapumua. Walipoishtaki serikali mwaka 2006, mbuzi kibogoyo ndiye aliyekuwa ushahidi wao mahakamani! Ukiukata, huchipuka upya kisikini. Naam, ukaidi huo ndio autafutao mkuza bonsai, ufundi wa Wajapani wa kulea mti chunguni: kisiki kinene hung'olewa, mizizi hupunguzwa, matawi hupogolewa na kukunjwa kwa waya. Mbona basi vijana wa Marigat wasiviuze visiki hivyo jijini, badala ya kuchoma makaa tu? Ila mnunuzi asiuache uzae maganda, maana mbegu zake husafiri tumboni mwa mifugo. Naye mng'oaji asibakishe shina ardhini, ama atakikuta kichaka kilekile mvua zinyeshapo.