Kompyuta ya Saiba Imekwama Baada ya Apdeti? Usilipe Mara Mbili

Ni Jumatano asubuhi, uko kwenye saiba moja hapa Jamhuri, unalipia cheti cha tabia njema kupitia eCitizen. Umeshaweka PIN kwa simu, lakini ukurasa kwenye kompyuta unazunguka tu. Mhudumu anakwambia, "Mashine imejiapdeti usiku, we jaribu kulipa tena."

Ngoja kwanza. Ukishaweka PIN, malipo hukamilika kati ya simu yako na mitambo yetu. Kompyuta haibebi pesa, inangoja tu kuambiwa zimefika. Soma SMS. Kama imeingia, pesa zimetoka: mwonyeshe mhudumu namba ya muamala, afungue ukurasa upya hata ikichukua dakika kumi. Kama haijaingia, angalia salio na orodha ya miamala kabla ya kubonyeza tena. Pesa iliyolipwa mara mbili inaweza kurudi, lakini hairudi siku hiyo hiyo unapoihitaji ya matatu.

Sasa wewe mwenye saiba. Kwamba ni Jumatano si bahati mbaya. Microsoft hutoa masasisho ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu huwa ni jioni. Asubuhi ukiwasha mashine inaweza kuwa bado inamalizia: inapanga orodha ya mafaili upya, inakagua virusi, inasafisha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Ukiona diski iko karibu asilimia 100 na jina Windows Modules Installer Worker liko juu, iache imalize. Ukiizima kwa nguvu unaweza kuharibu sasisho, na kazi yote ianze tena.

Zinazoteseka zaidi ni zile laptopu za eksi-UK zenye diski ya zamani ya kuzunguka na RAM ya GB 4. Hapo fundi akikuwekea SSD utaona tofauti kubwa kuliko kufuta mafaili wiki nzima. Pia weka saa zako za kazi kwenye Windows Update, isije ikajizima na kujiwasha wateja wakiwa foleni. Na kama unatumia bando la simu, iambie Windows kwamba intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo.

Kuna wanaozima masasisho kabisa. Mashine inakuwa nyepesi, ndiyo, lakini mianya ya wezi inabaki wazi, na hapo ndipo wateja wanaandika nywila zao siku nzima. Windows 10 yenyewe iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Na mtu akikupigia akidai ni wa Microsoft, anataka usakinishe programu ili "aharakishe" kompyuta yako akiwa mbali, kata simu. Akitaja PIN, tupigie sisi mara moja, kwa namba iliyo ndani ya programu yetu.