Diski Zisizopita Kariakoo

Duka la muvi la pembezoni mwa Dar es Salaam siku hizi lina kompyuta moja, diski ngumu mbili tatu, spika, na karatasi yenye orodha ya tamthilia za Kikorea, Kituruki na Kihindi. Ukipita Kunduchi Mtongani, Tegeta, au upande wa pili wa jiji kule Mbagala, mambo ni yale yale. Mteja anatoa flashi mfukoni, anataja anachotaka, anaulizwa kama anataka iliyotafsiriwa au orijino, na kabla hajapokea chenji mzigo umeshaingia. Bei ya muvi moja haizidi sana bei ya soda. Makava ya DVD bado yamebandikwa ukutani katika baadhi ya maduka, yamepauka kwa jua, lakini hayauzwi. Yamebaki pambo.

Ukimwomba muuzaji huyo filamu ya Andrzej Wajda au ya Krzysztof Kieślowski, ataitafuta kwenye mashine, ataikosa, na atakuuliza ni ya nchi gani. Si kosa lake. Filamu kongwe za Poland, zile zilizotuzwa Cannes na zinazofundishwa vyuoni dunia nzima, hazimo katika mzigo unaoshuka Kariakoo na kusambaa mitaani. Anayezitaka ataagiza mwenyewe. Diski moja ya Blu-ray iliyotengenezwa kwa uangalifu London inauzwa karibu pauni 20, yaani shilingi 60,000 na zaidi kabla ya nauli, na ikifika bandarini au posta inaweza kukutana na ushuru na VAT ya asilimia 18.

Bei hizo mbili, ya soda na ya elfu sitini, ni za bidhaa moja kwa jina: filamu ya kutazama nyumbani. Kinachozitenganisha ni zaidi ya ubora wa picha. Filamu ya Poland ya mwaka 1958 ina mwenyewe anayejulikana na ina negativu iliyotunzwa. Filamu ya Tanzania ya mwaka 2005 mara nyingi haina hata kimoja kati ya hivyo, na hiyo ndiyo hasara ambayo sekta yetu bado haijaihesabu.

Biashara yetu ilianza ikiwa na mwenyewe. Tanzania Film Company, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1968, lilipewa kazi ya kutengeneza filamu na kusimamia uingizaji na usambazaji wa zile za nje. Majumba ya sinema yalikuwepo: Avalon, Empire, Empress, Odeon, na ile Drive-in iliyofunguliwa mwaka 1966 kwenye barabara ya zamani ya Bagamoyo, mahali ambapo leo pana ubalozi wa Marekani. Filamu ilikuja kama mikanda ndani ya makopo, ikaonyeshwa, tiketi zikahesabiwa, makopo yakarudishwa. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake.

Video ndiyo iliyovunja utaratibu huo. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Kwa hiyo deki na kanda zilipoanza kuingia kwa wingi miaka ya 1980, kupitia mabaharia, wafanyabiashara na ndugu waliokuwa Uarabuni, zilikuta njaa kubwa. Zikaibuka maktaba za video, unakodi kanda leo unairudisha kesho. Wasiokuwa na deki wakaenda vibanda umiza, wakabanana kwenye mabenchi. Kanda moja iliyotoka Dubai ilizaa kopi kumi, kila kopi ikazaa nyingine, na picha ikazidi kufifia kila ilipozaa.

Katika mabanda hayo ilizaliwa kazi ambayo Dar es Salaam ina haki ya kujivunia. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani kwa Kiswahili, akitafsiri, akifafanua, akiwapa wahusika majina ya mtaani. Sauti yake ikarekodiwa juu ya kanda na kuuzwa. DJ Mark na wengine wakafuata, na Uganda nako wakaibuka VJ wao. Ukiitazama kibiashara, filamu yenyewe haikulipiwa na yeyote. Kilicholipiwa ni sauti ya msimulizi, na sauti hiyo ndiyo iliyomfanya mteja achague kopi ya duka hili badala ya lile. Soko letu lilijifunza mapema kwamba faida iko kwenye kumrahisishia mtu kutazama, na haki ya kazi yenyewe haimo kwenye hesabu.

Somo hilo lilikuja kutuumiza wenyewe. Baada ya *Girlfriend* ya George Tyson mwaka 2003, filamu za Bongo zilipata soko la VCD na baadaye DVD. Wasambazaji wakakua, Steps Entertainment ikiwa kubwa kuliko wote, na nyota kama Steven Kanumba wakajulikana mpaka Kongo na Burundi. Ilikuwa kawaida kwa mtayarishaji kuuza masta na haki zote kwa mkupuo mmoja, akapokea fedha zake, akaanza filamu nyingine. Mwaka 2013 Serikali ikaleta stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki, zilizobandikwa kwenye kava na kusimamiwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Diski ya Bongo ikabeba stempu; diski ya China yenye filamu ishirini za Marekani zilizobanwa pamoja ikaendelea kuuzwa kando yake bila chochote. Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Wakati huo wateja wenyewe walikuwa wameshaanza kuhamia kwenye flashi, na kwenye ving'amuzi vya Azam na DStv vyenye chaneli za filamu za Kiswahili. Diski ikafa, na haki zilizouzwa kwa mkupuo zikabaki kwenye makabati.

Poland nayo ilipitia mabadiliko makubwa, tena makali kuliko yetu. Kabla ya 1989 filamu zote zilitengenezwa kwa fedha za dola, kupitia vikundi vya uzalishaji kama Kadr, Tor na X, kila kimoja kikiongozwa na mwongozaji mzoefu. Wajda alitengeneza *Kanał* (1957) na *Popiół i diament* (1958) ndani ya mfumo huo, akavutana na wadhibiti, na mwaka 1981 akachukua Palme d'Or kwa *Człowiek z żelaza*. Wojciech Has alitengeneza *Rękopis znaleziony w Saragossie* mwaka 1965. Jerzy Kawalerowicz alitengeneza *Faraon* (1966), filamu ya Misri ya kale iliyoteuliwa kuwania Oscar. Ukomunisti ulipoanguka, vikundi vilivyokuwa vimebaki viligeuzwa kuwa studio za umma na haki zikabaki kwao. Negativu zilikuwa zimehifadhiwa, kwa sababu hifadhi ya taifa ya filamu ilianzishwa Warsaw tangu 1955.

Mengine yote yalijengwa juu ya msingi huo. Taasisi ya Filamu ya Poland ilianzishwa mwaka 2005, na kuanzia 2008 mradi wa KinoRP ukaanza kuzisafisha filamu za zamani kidijitali, picha kwa picha. Mwaka 2014 Martin Scorsese alichagua filamu 21 zilizosafishwa, zikazungushwa katika majumba ya Marekani na baadaye nchi nyingine. Kwa biashara, hapo ndipo mali iliyolala ilipoamka. Kampuni ndogo kama Second Run ya London, iliyoanza mwaka 2005, huzungumza na mwenye haki anayejulikana, hulipia leseni ya eneo fulani kwa miaka fulani, na hutoa toleo lenye tafsiri mpya ya maandishi ya chini, mahojiano, na kijitabu cha insha. Criterion ya Marekani imefanya hivyo kwa Wajda na kwa *Dekalog* ya Kieślowski. Leseni ikiisha, toleo halichapwi tena, na nakala zilizobaki hupanda bei kwa wakusanyaji.

Mkusanyaji, basi, hununua kazi ya watu wengi iliyowekwa pamoja. Ukifungua kasha la toleo zuri unakuta diski moja na kijitabu chenye kurasa nyingi kuliko risala ya harusi: nani alipiga picha, kipande gani wadhibiti walikikata, negativu ilipatikana wapi, nani aliisafisha. Mwanafunzi wa filamu mwenye hicho mkononi ana darasa zima.

Kwa anayeagiza akiwa Kunduchi, zipo kanuni chache ambazo zitamwokolea fedha. Kwa DVD, Tanzania imewekwa kanda ya 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, wakati Uingereza ni kanda ya 2, ingawa mashine nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa husoma kanda zote. Kwa Blu-ray, Afrika iko kanda B pamoja na Ulaya, hivyo diski ya London itacheza kwenye mashine iliyonunuliwa Dar es Salaam, ila ya Marekani iliyofungwa kanda A itagoma. Tumezoea mfumo wa PAL kama Waingereza, kwa hiyo DVD zao hazisumbui. Kisha kuna bahari. Upepo wa chumvi unaokula mabati ya Kunduchi hauoni haya kula tundu za HDMI, na kava la karatasi hupata ukungu masika moja tu. Kabati la kioo lisilogusa ukuta, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ni uwekezaji wa kwanza kabla ya diski ya pili.

Kuna atakayeuliza kwa nini ajisumbue, ilhali tangu 2021 Wapolandi wenyewe wameweka mamia ya filamu zao kongwe mtandaoni, bure, zenye maandishi ya Kiingereza. Ni swali la haki, na kwa mwenye intaneti isiyokatika jibu linaweza kuwa asijisumbue. Lakini filamu ya saa mbili na nusu hula bando, na kinachowekwa bure leo kinaweza kuondolewa kesho kwa uamuzi wa ofisi iliyoko mbali. Diski ukishailipia ni yako. Hata mkondo wa video ukiwa bure, thamani ya kijitabu haimo ndani yake.

Wala Poland si nchi ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Henryk Sienkiewicz, aliyepata Nobel mwaka 1905, alifika Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1891, na riwaya yake ya vijana inayomalizia safari Mombasa iliigizwa kuwa filamu mwaka 1973. Riwaya hiyo inamtazama Mwafrika kwa jicho la kikoloni, na anayeikusanya filamu yake lazima aijue hivyo. Tengeru, karibu na Arusha, palikuwa na kambi ya maelfu ya wakimbizi Wapolandi wakati wa Vita vya Pili, na makaburi yao yangali pale. Ryszard Kapuściński alikuja Dar es Salaam mwaka 1962 kama mwandishi wa shirika la habari la nchi yake. Zaidi ya hayo, Mtanzania aliyekulia kwenye mabango ya shujaa wa uzalishaji hatahitaji kuelezwa *Człowiek z marmuru* ya 1977, ambamo binti wa chuo cha filamu anamtafuta fundi mwashi aliyetukuzwa na Serikali kisha akasahauliwa. Ni filamu inayotuhusu kuliko nyingi zinazoingia hapa kwa flashi.

Turudi nyumbani, ambako hesabu inauma zaidi. Chukua *Arusi ya Mariamu* ya 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill. *Maangamizi* ya 2001, ya Martin Mhando na Mulvihill, iliyokuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Tamasha la ZIFF limekuwa likikusanya watu Zanzibar tangu 1998, kwa hiyo wa kuzitazama wapo. Lakini ukizitaka kwenye diski, mlango wa kugonga ni wa kampuni ya Mulvihill huko Marekani, kwa sababu yeye ndiye aliyetunza na anayejua nini ni chake. Filamu za miaka ya 2000 zilizotengenezwa Sinza na Kinondoni zina watazamaji wengi zaidi ya hao, na nyingi hazina pa kugonga kabisa.

Gharama ya kusafisha picha ni kubwa, lakini si ya kwanza. Ya kwanza ni karatasi: ofisi ya hakimiliki ya Cosota, Bodi ya Filamu, wasambazaji na watayarishaji kukaa na mikataba yao mezani na kuandika nani anamiliki filamu ipi, kwa nchi zipi, hadi lini. Bila orodha hiyo hakuna kampuni ya London, wala Azam, wala mtandao wowote utakaolipa leseni, kwa sababu haujui umlipe nani. Ya pili ni kuziokoa kanda za masta zilizoko uvunguni na kwenye makabati ya ofisi, ambazo nyingi ni za miniDV na hazikuundwa kudumu miongo. Na kuna haraka. Kanumba alifariki Aprili 2012, Tyson akafariki kwa ajali ya barabarani Mei 2014, na haki za kazi zao sasa ni mambo ya warithi na ya watu waliokuwepo siku mkataba unasainiwa, ambao nao wanazeeka.