Kisha ajali, tuulize mashini mbele ya kuhukumu mutu

Mara ngapi tumesikia neno hili: « Ni kosa lake, hakuangalia »? Mufanyakazi angali hopitali, muguu mu plasta, na rapore imekwisha kuandikwa: *imprudence*. Neno moja tu, na uchunguzi umeishia pale.

Sisi wa sendika hapa Kolwezi tulijifunza kuchunguza juu ya mwenzetu mumoja, musaidizi wa shofere. Usiku, kamiyo ya bene ilirudi nyuma, ikamubana muguu kwenye mawe. Rapore ilisema alisimama mahali pabaya. Mbele ya plasta kutolewa, akapata barua ya *demande d'explication*. Bibi yake alikuja kwetu na ile barua mukononi: « Papa delege, batamufukuza mu kazi? Tuko na batoto bane. » Hatukuwa na jibu. Kupiga kelele tulijua, kuchunguza, hapana.

Tulikwenda kwa muzee mumoja, delege wa zamani. Alituonyesha njia inayoitwa *arbre des causes*, ni kusema muti wa sababu. Watu wa INRS kule Ufaransa ndio waliitengeneza mu miaka ya 1970. Unaanzia kwa kidonda, unarudi nyuma hatua kwa hatua. Kila hatua unauliza: ili jambo hili litokee, kulihitajika nini? Hiyo peke yake inatosha, ao kuna lingine?

Tukaanza. Muguu ulibanwa juu ya nini? Kamiyo ilirudi nyuma, na yeye alikuwa nyuma yake. Alifanya nini pale? Alikuwa anaongoza shofere kwa tochi, sababu taa za nyuma hazikuwaka. Juu ya nini hakusikia kamiyo ikianza kurudi? Klaksoni ya kurudi nyuma ilikuwa imekufa. Basi, kamiyo ya namna hii ilitokaje garaje? Tukaomba kitabu cha mashini. Siku tisa mbele ya ajali, shofere wa posti ya muchana alikuwa ameandika: taa na klaksoni, mbovu. Vipande havikukuwa, na hakuna mutu aliyekuwa na ruhusa ya kusimamisha kamiyo.

Tulichelewa. Kamiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa, hatukupata hata picha moja. Ni kile kitabu kilituokoa.

Na tuseme kweli yote: mwenzetu hakuvaa jile yake inayong'aa, aliiacha ndani ya kamiyo. Tuliandika na hiyo. Ukificha lako, nani ataamini mengine?

Tulipeleka yote mbele ya comité ya sekirite na hygiène, ile ambayo Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaiweka mu kampuni. Barua iliondolewa. Leo kamiyo bila klaksoni haitoki garaje. Lakini muguu wa mwenzetu haukurudi kama zamani.

Basi ndugu, siku ajali inatokea, kwanza tuokoe mutu na tufunge mahali pale, asiumie mwingine. Kisha, kitu kisihamishwe bure. Tupige picha, tupime urefu kwa hatua, tuchore hata kwa biki. Mashahidi tuwasikilize mumoja mumoja, siku ile ile, mu luga yao. Tusiseme « juu ya nini hukuangalia? » Tuseme « utuelezee, kutoka mwanzo ». Tuandike vitu vilivyoonekana, si hukumu. « Alikuwa muzembe » ni hukumu. « Taa haikuwaka » ni kitu kilichoonekana. Mwishoni, kila dawa iwe na jina la mutu atakayeifanya, na tarehe. Tarehe ikifika, turudi kuangalia.

Na ninyi, bamama, muchunge karatasi zote za hopitali, CNSS itaziomba. Musifue nguo za ajali, musitupe botini. Muandike nani alikuja kuwaambia habari, na saa ngapi.

Na ajali isiyoumiza mutu, jiwe lililopita karibu na kaske, tuichunguze vilevile. Ile imetuonya bure. Ya kesho haitauliza jina la mutu.