KOMPYUTA YA KIKUNDI IKIGOMA BAADA YA KUBADILISHA WINDOWS



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vikundi vingi limo ndani ya kompyuta: akiba za wanachama, mikopo, mahudhurio, hata barua za kuomba msaada. Kwa hivyo kompyuta ikigoma, si chombo tu kimegoma. Ni jasho la watu limefungiwa ndani.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10, ambayo ilikuwa imetoka mwaka 2015. Hapo vikundi vikaanza kuhamia Windows 11, na matatizo yakaanza kuletwa parokiani.

Windows ni nini? Ni ile programu kuu inayoendesha kompyuta yote. Kuibadilisha ni kama kuweka mtunza ghala mpya. Magunia yako pale pale, lakini yeye bado hajui ufunguo upi ni wa mlango upi. Ukimwuliza mahindi, atasema hakuna. Kumbe yapo.

Kikundi kimoja cha akina mama kilibadilisha kompyuta siku ya Jumanne. Jumatano mweka hazina akaiwasha, akakuta hesabu za mikopo hazionekani. Fundi akasema dawa ni moja tu, kufuta kila kitu na kuanza upya. Mama mmoja akauliza, "Na mimi niliyekwisha lipa, nani atajua?" Swali hilo ndilo lililotuokoa. Tulimwambia fundi angoje, tukatafuta polepole, na faili likapatikana katika folda nyingine. Kama angefuta, lingepotea kweli.

Basi sheria ya kwanza ni hii: MTU YEYOTE ASIFUTE KOMPYUTA KABLA HESABU HAZIJATOLEWA.

Sheria ya pili: HESABUNI SIKU. Baada ya kuhamia Windows 11, kwa kawaida mna siku 10 za kurudi nyuma. Andikeni tarehe ya kubadilisha kwenye karatasi na mwibandike kwenye kompyuta. Zikipita siku hizo, mfumo wa zamani hujifuta wenyewe.

Sasa tuangalie shida moja moja.

1. Mafaili hayaonekani.
Kwanza, someni kama skrini inasema mmeingia kwa akaunti ya muda. Ikiwa ndivyo, msiandike chochote humo, maana kitapotea. Zimeni, mwashe tena na mwingie upya. Kama bado, fungueni diski C, kisha folda iitwayo Users, mwangalie kila jina lililomo. Halafu tazameni folda iitwayo Windows.old, nayo ina Users ndani yake. Angalieni pia OneDrive, kwa sababu pengine mafaili yamehamishiwa huko. Mkiyapata, yanakilini kwenye flashi papo hapo, kabla ya kufanya jambo lingine.

2. Kompyuta imekuwa nzito.
Siku ya kwanza au ya pili hiyo ni kawaida, inapanga vitu vyake upya. Iacheni iwake saa kadhaa stima ikiwapo. Ikiendelea hivyo, angalieni nafasi iliyobaki kwenye diski. Ikiwa imejaa, ondoeni video na picha zisizo za kikundi. Lakini msifute Windows.old kabla hamjahakikisha kwamba hesabu zote zipo. Jueni pia kwamba Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na mashine yenye kiasi hicho itakwenda mwendo wa kobe.

3. Bando zinaisha haraka.
Windows mpya huvuta marekebisho kimya kimya. Ingieni Settings, kisha Network, mchague mtandao wenu, halafu mwashe penye maneno Metered connection. Hapo kompyuta itajua kwamba intaneti yenu ni ya kununua kwa kipimo, na itapunguza kuvuta.

4. Printa haichapishi.
Printa na kompyuta huongea kupitia programu ndogo iitwayo draiva. Draiva ni mkalimani. Mkalimani wa zamani pengine haelewani na bosi mpya. Chomoeni waya wa printa. Ingieni Settings, kisha Bluetooth and devices, kisha Printers and scanners, mwiondoe printa hiyo. Zimeni kompyuta, mwashe, mrudishe waya. Ikikataa, andikeni namba ya modeli iliyo kwenye printa yenyewe, mkatafute draiva yake kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza.

5. Hakuna sauti, au haishiki mtandao.
Bonyezeni Start kwa kidude cha kulia cha mausi, mchague Device Manager. Kifaa chenye alama ya manjano ndicho kinachosumbua. Kibonyezeni kwa kidude cha kulia, mjaribu Update driver. Ikiwa Wi-Fi ndiyo imekufa, unganisheni simu kwa waya wa USB na mwashe USB tethering kwenye simu. Kompyuta itapata intaneti kupitia simu hiyo.

6. Skrini ya bluu inadai namba ndefu.
Hii ndiyo inayotisha watu. Si virusi. Ni kufuli iitwayo BitLocker, nayo inataka namba ya tarakimu 48. Mara nyingi namba hiyo imehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuingia kwenye kompyuta mara ya kwanza. Ingieni katika akaunti hiyo kwa simu, mtaiona. Lakini akaunti ni ya nani? Vikundi vingine viliandikishwa kwa baruapepe ya kijana wa saiba, na kijana amekwenda Nairobi! Bila namba hiyo hakuna fundi atakayefungua hesabu zenu, hata awe hodari namna gani. Akaunti iwe ya kikundi, na neno la siri lijulikane kwa maofisa wasiopungua wawili.

Yote yakishindikana, nakilini hesabu kwenye flashi, halafu mrudi nyuma kabla ya siku 10 kwisha. Ingieni Settings, kisha System, kisha Recovery, mbonyeze Go back. Mafaili yenu kwa kawaida hubaki, lakini programu zilizowekwa baada ya kubadilisha zitaondoka. Kurudi nyuma si aibu. Ila mkirudi Windows 10, msiitumie kwa intaneti ovyo, maana ulinzi wake umepungua.

Na nyinyi ambao hamjabadilisha, fanyeni mambo matatu kwanza. Nakilini kila kitu kwenye flashi mbili, moja kwa mweka hazina na nyingine kwa katibu. Chapisheni ukurasa wa akiba na mikopo, mwenyekiti autie sahihi. Tafuteni ile namba ya BitLocker, mwiandike kwenye daftari la kikundi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikifa leo usiku, kesho tutawezaje kujua kila mwanachama ana akiba kiasi gani?
2. Ni nani anayejua neno la siri la akaunti yetu? Akihama, itakuwaje?
3. Ni nani ana ruhusa ya kumwambia fundi "futa"? Uamuzi huo tuuandike katika kumbukumbu za mkutano.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.