Jicho Hudanganyika, Sikio Hukataa

Shika simu yako mbele ya uso, itikise kushoto na kulia kwa haraka, kisha jaribu kusoma maandishi yaliyo kwenye kioo chake. Hayasomeki. Sasa itulize simu, utikise kichwa kwa kasi ileile. Unasoma bila taabu. Kinachokusaidia mara ya pili ni sikio. Ndani ya fuvu, nyuma ya ngoma ya sikio, kuna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa maji, na karibu yake vipo vijiwe vidogo mno vya chokaa. Kichwa kikigeuka, maji huchelewa kidogo. Kikiinama au kwenda mbele, vijiwe huteleza. Neva hupeleka habari hiyo machoni kwa takribani sehemu moja ya mia ya sekunde, na macho huzunguka kinyume cha kichwa ili ulichokuwa ukikitazama kisikupotee.

Miwani ya uhalisia pepe, ambayo vijana wa Muscat sasa wanaijua kama walivyoijua simu, hutengenezwa kwa ajili ya jicho. Kila jicho huonyeshwa picha yake, na picha hizo mbili hutofautiana kwa kadiri macho yalivyoachana, milimita 63 hivi kwa mtu mzima. Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha mwaka 1838 kwamba ubongo ukipewa picha mbili za namna hiyo huziunganisha na kuona kina. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, huko Marekani, alifunga vioo viwili kichwani mwa mtu ili picha ibadilike kichwa kinapogeuka. Chombo chake kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Kilichokuja kukifanya chepesi ni simu zetu wenyewe. Ziliposhusha bei ya vioo vidogo na vipima mwendo, kampuni ya Oculus ilijitokeza mwaka 2012, na miaka miwili baadaye Facebook ikainunua kwa dola bilioni 2.

Lakini miwani inapaswa kuchora upya dunia nzima ndani ya sehemu ishirini hivi za elfu moja za sekunde tangu kichwa kigeuke. Ikichelewa zaidi ya hapo, sikio linatambua.

Shangazi yangu anaishi Seeb. Aliondoka Unguja akiwa msichana, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na kama wengi wa rika lake alipata makazi Oman baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Siku tuliyomvalisha miwani tulimwekea filamu ya pande zote iliyopigwa Forodhani, Unguja, jumba la Beit al-Ajaib likiwa mbele yake zima. Alishika mdomo. Aligeuka kushoto akaitazama bahari, akageuka kulia akaitazama Ngome Kongwe, akataja nani alikuwa akikaa wapi. Kisha akainuka kwenye kochi na kupiga hatua.

"Baba, mbona natembea na mlango hausogei?"

Mlango usingeweza kusogea. Filamu ya namna hiyo hupigwa na kamera iliyosimama mahali pamoja ikitazama kila upande. Inajua kichwa kimegeuka, haijui kuwa miguu imekwenda. Shangazi alipiga hatua na mji mzima ukasogea pamoja naye. Vijiwe vya sikioni vikasema amekwenda mbele, macho yakasema amesimama palepale. Hatua ya tatu akasema roho yamchafuka, tukamkalisha na kumvua.

Aliyepanda mashua kwenda kutazama pomboo nje ya pwani ya Muscat anaijua hali hiyo, hasa akishuka chumbani: sikio linasikia mawimbi, jicho linaona ukuta uliotulia. Mwaka 1975 James Reason na Joseph Brand walieleza kwamba kichefuchefu cha safari hutoka kwenye mgongano huo wa hisia. Miaka miwili baadaye Michel Treisman alipendekeza sababu ya tumbo kuingia katika ugomvi usiolihusu: kwa maelfu ya miaka, macho na masikio yalipohitilafiana ghafla, aghlabu mtu alikuwa amekula sumu, kwa hiyo mwili hukimbilia kutapika. Ni dhana tu, lakini naiona ina mantiki.

Ipo taabu nyingine ya macho yenyewe. Kitu kikionekana kuja karibu, macho mawili huelekea puani kukifuata, ilhali kioo halisi hakijasogea na lenzi za miwani zimekipa umbali mmoja, mita moja na nusu au mbili. Macho yanalazimika kulenga karibu na mbali kwa wakati mmoja, na hapo kichwa huanza kuuma.

Na Muscat ina joto lake. Miwani ya gramu 500 hivi, yenye sponji iliyobana uso, huloa jasho upesi hata ndani ya nyumba yenye kiyoyozi. Usiiache kamwe dirishani au ndani ya gari: lenzi zake hukusanya jua na kulichoma kioo, doa lisifutike tena. Ila kinachoniudhi zaidi ni adabu. Mgeni anaingia, anatoa salamu, kijana aliyevaa haitikii kwa sababu hakusikia wala hakuona. Kwetu mtu asiyeitikia salamu amesema jambo zito, na mimi nawataka watoto wangu wavae miwani chumbani, sebuleni waivue.

Hata hivyo nguvu ileile ya kumtoa mtu alipo imekuwa dawa. Katika miaka ya 1990, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walianza kuwavalisha miwani majeruhi wa moto wakati vidonda vyao vikisafishwa. Baadaye walitengenezewa bonde la theluji ambamo mgonjwa hurusha matonge ya theluji. Wagonjwa walisema maumivu yamepungua sana, kwani maumivu nayo yanahitaji kuzingatiwa, na akili iliyojaa theluji hubakiwa na nafasi ndogo ya kuyazingatia.

Kwa shangazi nilitaka zaidi ya filamu. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu kubwa pamoja na mnara wake wa saa tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo likipimwa kwa leza, ukuta kwa ukuta, miwani inaweza kulijenga upya kwa namna ambayo ukipiga hatua mlango unakaribia kweli, na sikio linaridhika. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umekwisha kuyapima hivyo magofu ya Kilwa Kisiwani. Nyumba za mitaa ya Malindi na Shangani huko Unguja zinastahili kazi hiyohiyo zikiwa bado zimesimama. Na wanaokumbuka kila chumba kilikuwa cha nani wako hapa Seeb, Ruwi na Al Khuwair. Wengi wamepita miaka sabini, na waulizwe mwaka huu.