Nguchiro vs Kamea ka Chemchemi: Nani Mnoma Huku Roret?

Kama ocha yenu ni Roret, hawa wawili unawajua, ni vile tu hujawahi kuwamaind. Wa kwanza ni nguchiro, kale kajambazi kembamba kanakatiza barabara mbio kuingia kwa shamba ya majani chai. Wa pili ni kamea kamelala bapa kwa mawe ya chemchemi, kijani, kama vipande vya ini. Wanasayansi hukaita Marchantia. Kitambo, Wazungu walidhani kwa vile kanafanana na ini, basi kanatibu ini. Usijaribu.

Haya, tuwapiganishe.

Msosi: Nguchiro lazima ahustle: panzi, panya, nyoka, mayai, na ndio, vifaranga vya kogo. Marchantia imetulia tu. Inajipikia na mwanga wa jua. Haina mizizi ya ukweli, ni vinywele tu vya kushika udongo, so maji inaingilia mwili mzima.

Mahaba: Hapa utashangaa. Marchantia pia iko na dume na jike, kila mmoja mmea wake. Na mbegu za dume zinaogelea, sawa tu na za nguchiro! Tofauti ni moja: nguchiro amebeba maji yake ndani ya mwili, Marchantia inangoja mvua. Plan B iko: ina vikombe vidogo mgongoni, tone la mvua likigonga, vipande vinaruka na kumea pembeni.

Ukongwe: Mimea ya ukoo huu iko nchi kavu zaidi ya miaka milioni 400. Ukoo wa nguchiro na simba haujafikisha hata milioni 70. Watoto wa juzi.

So nani mnoma? Nguchiro akikosa msosi, anahama. Marchantia haina miguu. Chemchemi ikikauka, inakauka nayo.

Ndio maana ukienda ocha, cheki yale mawe. Kama kijani imeisha na mtu amepanda mikaratusi mpaka kwa maji, jua mtungi wa kogo ndio unafuata. Hiyo miti inakunywa maji vibaya. Ongeeni kama familia mapema.

Na nguchiro je? Usimwekee sumu, itaua mpaka mbwa wenu. Funga banda la kuku na wavu, umwache amalize panya kwa mahindi.