Maganda ya Viazi, Minyoo na Sukuma ya Roshani

Katika ploti nyingi za Umoja, Kayole na Donholm, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, shamba ni roshani. Sukuma wiki, dhania na vitunguu vya majani vimeoteshwa kwenye mitungi iliyokatwa, madebe ya rangi na magunia. Tatizo ni udongo. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Ukitiwa chomboni peke yake, mizizi hukosa hewa.

Wanaoweza kuuponya ni minyoo. Jirani asishtuke: si wale wa tumboni, wala si nyungunyungu wa shambani wanaochimba chini kabisa. Hawa ni wadogo, wekundu, wanaoishi juujuu palipooza; wataalamu huwaita Eisenia fetida. Mnyoo hana meno. Humeza mabaki yaliyokwisha kulainishwa na bakteria, akayasaga ndani ya firigisi kwa msaada wa punje za mchanga. Kinyesi chake ndicho mboji.

Nyumba yao ni ndoo ya lita 20 iliyotobolewa kwa msumari wa moto, ikatandikwa magazeti yaliyoraruliwa, yakaloweshwa na kukamuliwa. Chakula ni maganda ya viazi na ndizi, mashina ya sukuma, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nyama, mafuta na maziwa havitiwi. Hapo ndipo uvundo na panya huanzia. Kilo moja ya minyoo hula takriban nusu kilo kwa siku, kwa hiyo wachache wapewe kidogo. Ndoo isiwekwe chini ya mabati yanayochomwa na jua: joto likifika nyuzi 35, wanakufa.

Baada ya miezi mitatu au minne mboji huwa nyeusi, laini, yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Sehemu moja huchanganywa na nne za udongo. Huhifadhi maji pia, jambo la maana mahali ambapo mifereji hukauka siku kadhaa kwa wiki.

Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni mabaki yanayooza, na nyingi huishia Dandora, jalala lililofunguliwa 1975, likatangazwa kujaa 2001, na bado linapokea malori. Sheria ya taka ya 2022 inataka mabaki ya aina hiyo yatengwe tangu nyumbani.

Ila mboji isichukuliwe jalalani, hata ikiwa ya bure. Mwaka 2007 utafiti wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ulikuta madini ya risasi kwa wingi katika udongo wa Dandora, na minyoo hawawezi kuyaondoa. Sukuma ya kuliwa ilishwe maganda ya jikoni kwako.